Daftari la Mangi na bima ya gari

Mwishoni mwa mwezi wa tatu, Jumapili saa tatu usiku, nilikuwa sebuleni kwangu Tabata nakunja sampuli za mapazia nilizorudi nazo dukani, simu ikaita. Mdogo wangu, kutoka Columbus, Ohio. Kwake ilikuwa saa nane mchana. Shikamoo yake ilikuwa ya haraka haraka, nikajua ana jambo.

"Dada, nimetajiwa bei ya bima ya gari hadi nimeishiwa nguvu."

Yuko kule mwaka wa tatu sasa. Anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, zamu za usiku, na basi la kumrudisha alfajiri halipiti karibu na anapokaa. Kajibana akanunua Corolla ya mwaka 2014. Gari lenyewe halikumtesa, kilichomtesa ni bima: dola 238 kwa mwezi. Mwenzake wa kazini anaishi mtaa uleule, gari linafanana na lake, na mwaka juzi alimgonga mtu kwa nyuma kwenye taa, kosa likawa lake. Huyo analipa dola 149.

"Mimi sijawahi kugusa hata ukingo wa barabara," akasema. "Sasa nalipia nini?"

Siku chache baadaye alipata barua kutoka kwa kampuni ile ya bima. Akanisomea kwenye simu, anatafsiri mstari kwa mstari. Ilisema kwamba bei aliyopewa ilikuwa ya juu kuliko ambayo angepewa kama si taarifa zake za mikopo. Ikataja kampuni ilikotoa taarifa hizo, na sababu: kadi yake ya mkopo imetumika karibu na kikomo, malipo mawili yalichelewa, na historia yake ya kukopa bado ni fupi.

Kadi ile naijua. Ni ya duka moja kubwa, aliichukua majira yake ya kwanza ya baridi. Alifika kule Novemba na sweta mbili za mtumba za Ilala. Kwa kadi hiyo alinunua koti, viatu vya theluji, godoro na kitanda. Malipo mawili, alidhani yalichelewa kwa sababu alihama chumba na bili ikaendelea kwenda anwani ya zamani.

Nikamuuliza swali ambalo hadi leo sijapata mtu wa kunijibu nikaridhika: deni la koti linahusiana vipi na usukani?

Ngoja nieleze jinsi wenzetu wanavyofanya, maana nimelifuatilia jambo hili miezi kadhaa na limeniuma. Marekani kuna kampuni tatu kubwa zinazohifadhi habari za kila mtu anayekopa: Equifax, Experian na TransUnion. Ulikopa nini, lini, umelipa kwa wakati au la, kadi yako umeitumia hadi wapi. Benki inapotaka kukukopesha inaomba alama yako, ambayo kwa kawaida iko kati ya 300 na 850. Hilo naliona lina mantiki, kwani anayetaka kukukopesha ana haki ya kujua kama huwa unarudisha. Ila tangu miaka ya 1990 makampuni ya bima nayo yakaanza kuchukua habari zilezile na kutengeneza alama yake ya pembeni, alama ya bima. Hii haiulizi kama utalipa deni. Inakisia kama utakuja kudai fidia. Kwenye hesabu ya alama ya bima ya FICO, kampuni ya kutengeneza alama inayojulikana zaidi, asilimia 40 inatokana na ulivyolipa madeni yako, asilimia 30 na kiasi unachodaiwa, 15 na urefu wa historia yako, 10 na jinsi unavyohangaikia mikopo mipya, na 5 na aina za mikopo uliyonayo. Hesabu yote hiyo, breki haimo. Rekodi ya uendeshaji wanaiangalia pia, lakini kwa upande wake, na upande wa deni unaweza kuifunika kabisa.

Jarida la Consumer Reports lilichunguza bei za bima mwaka 2015. Likakuta kwamba katika jimbo la Florida, dereva mwenye rekodi safi barabarani lakini historia mbaya ya mikopo alikuwa analipa kwa wastani dola 1,552 zaidi kwa mwaka kuliko dereva mwenye historia nzuri ya mikopo aliyehukumiwa kwa kuendesha akiwa amelewa. Nilipoisoma habari hiyo nilimsomea mume wangu, yeye ni dereva wa malori ya kwenda Tunduma. Alinyamaza muda, kisha akasema, "Kwa hiyo mlevi mwenye pesa ni dereva mzuri kuliko mimi."

Watetezi wa utaratibu huu wana hoja yao, siwezi kuificha. Mwaka 2007 Tume ya Biashara ya Serikali ya Marekani ilitoa ripoti ikisema alama hizi kweli zinabashiri: kwa ujumla, wenye alama ya chini hudai fidia zaidi. Lakini ripoti hiyohiyo ilionyesha kwamba Wamarekani weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini wamejaa mno kwenye alama za chini. Na kwa nini mwenye deni adai fidia zaidi? Wapo wanaosema asiye makini na pesa hawi makini barabarani. Wapo wanaosema mwenye nacho akibonyea bampa anajilipia kimya kimya, asiye nacho anakwenda kudai. Mimi nauza mapazia Kariakoo mwaka wa kumi na moja, nimewaona wenye madeni na wasio na madeni, na hili la pili ndilo naliamini. Kama ni hivyo, basi anachotozwa mtu ni ukosefu wake wa akiba. Uendeshaji wake haumo kabisa.

Si majimbo yote yanayokubali. California, Hawaii na Massachusetts haziruhusu historia ya mikopo itumike kupanga bei ya bima ya gari. California wananchi walipiga kura mwaka 1988, wakapitisha kwamba kinachotangulia ni rekodi yako ya kuendesha, kisha umbali unaoendesha kwa mwaka, kisha miaka yako ya uzoefu. Ukimweleza hivyo dereva yeyote wa daladala pale Buguruni atakwambia ndivyo inavyotakiwa. Ila mdogo wangu yuko Ohio, na Ohio inaruhusu.

Nilipokuwa namsikiliza nilimkumbuka Mangi wetu. Tulipokuwa wadogo, Tandale, mama alikuwa na ukurasa wake kwenye daftari la Mangi wa kona. Unga nusu, mafuta ya kupima, sabuni kipande. Mwisho wa mwezi baba akipata mshahara ukurasa unapigwa mstari, na baba asipopata, mama anapita njia ya nyuma asionekane dukani. Mangi alijua kila kitu chetu. Lakini daftari lile lilibaki chini ya kaunta yake. Hakulipeleka kwa fundi cherehani ili mama atozwe zaidi kushonewa gauni. Hakulipeleka kwa konda. Deni la unga lilikuwa deni la unga.

Mdogo wangu akauliza, "Kwani huko nyumbani wanaangalia madeni kwenye bima?"

Nikamjibu kwa uhakika kabisa: hapana.

Na kwa upande wa bei nilikuwa sahihi. Hapa Dar ukienda kwa wakala kukata bima anataka kadi ya gari, kitambulisho, na kama ni bima kubwa, ile inayolilipia hata gari lako mwenyewe, anataka kuliona gari lenyewe au picha zake, pande zote nne, na anauliza kama ni la binafsi au la biashara. Bima ndogo, ile ya kumlinda mtu wa tatu ambayo sheria inakulazimisha kuwa nayo, kwa gari dogo la binafsi nimeizoea kwa shilingi 118,000: laki moja ya bima na asilimia 18 ya VAT. Bima kubwa inakwenda na thamani ya gari. IST yangu niliiandikisha kwa milioni 13. Asilimia tatu na nusu ni 455,000, weka VAT 81,900, jumla 536,900. Mtu aliyefilisika na mtu mwenye ghorofa Mbezi Beach, wakiwa na IST za thamani moja, wakala anawatajia hesabu ileile.

Kilichonifundisha kwamba jibu langu lilikuwa nusu ni mwezi wa sita.

Bima yangu ilikuwa inaisha tarehe 14. Bima ndogo niliiacha miaka mitatu iliyopita, tangu jirani yangu alipojaribu kupita Jangwani siku ya mvua za Aprili. Maji yalimfika kwenye viti, injini ikanyonya maji, na bima yake ndogo haikumpa hata shilingi, kwa sababu bima ile humlipa uliyemgonga, gari lako haliihusu. Gari lilikaa gereji miezi saba mpaka akaliuza kama vipuri. Nilisema mimi sitaliweka gari langu barabarani Dar es Salaam bila bima kubwa.

Lakini mwezi huo ulikuwa mgumu. Kodi ya fremu nalipa ya miezi sita kwa mkupuo, nilikuwa nimetoka kuilipa, na mzigo wangu ulikuwa bado bandarini. Nikamwambia wakala, kaka naomba nilipe kidogo kidogo. Akanieleza kwa upole kwamba kampuni ya bima haiwezi kunipa bima kwa mali kauli, pesa lazima iingie kwanza ndipo bima ianze. Ila kuna benki zinakulipia bima yote ya mwaka, halafu wewe unairudishia benki kwa marejesho ya kila mwezi. Nikaona hapo nimepona. Nikajaza fomu, nikaweka namba ya NIDA, nikasaini mahali palipoandikwa kwamba naruhusu taarifa zangu ziangaliwe. Kusema kweli mahali hapo nilisaini bila kupasoma.

Siku ya tatu binti wa benki akanipigia. "Mama, samahani, ombi lako halijapita. Kwenye taarifa zako za mikopo kuna deni lililopitiliza muda."

Nilimwambia amekosea mtu. Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu mwaka wa saba. Nimekopa humo mara zisizohesabika na sijawahi kulala na rejesho la mtu. Mikopo ya kausha damu sijawahi kuigusa hata nilipoumwa. Binti yule alinivumilia mpaka nikamaliza, kisha akanitajia: mkopo wa simu, mwaka 2021, shilingi 45,000.

Ndipo nikakumbuka. Siku hiyo nilikuwa na marobota mawili ya vitambaa Kariakoo, mvua inakuja, na hela ya kulipa guta na wabebaji imepungua. Nikakopa kwenye simu palepale, dakika moja tu. Wiki iliyofuata simu ikaibwa pale Mnazi Mmoja na laini ile sikuirudisha, nikaendelea na laini nyingine. Na deni nalo nikalisahau, nikidhani limekwenda na laini. Kumbe mikopo mingi ya simu nyuma yake kuna benki, na laini imesajiliwa kwa kitambulisho changu na alama za vidole vyangu. Laini ilipotea, mimi nilibaki kwenye kumbukumbu zao.

Hapa kwetu daftari hilo lipo kisheria. Benki Kuu ina kanzidata ya taarifa za wakopaji, na kuna kampuni za taarifa za mikopo zenye leseni yake, kama Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet, chini ya kanuni za mwaka 2012. Benki inapeleka habari za wateja wake humo na inaziangalia kabla ya kukopesha. Miaka saba ya kikoba changu haimo. Kodi ya fremu niliyolipa kwa miaka kumi na moja haimo. Iliyomo ni ile 45,000 ya siku ya mvua. Mdogo wangu naye ni vilevile: kodi ya chumba analipa tarehe mosi kila mwezi, haijawahi kuchelewa hata siku moja, na kwenye ripoti yake haikuonekana popote. Koti ndilo lililoonekana.

Nililia kidogo siku ile, siwafichi. Si kwa ajili ya pesa. Ni ile kuambiwa na binti wa rika la mwanangu kwamba mimi si mlipaji.

Baada ya machozi nikakaa nikaipanga hesabu upya, na nikaona tofauti kati yangu na mdogo wangu. Bei yangu haikubadilika hata senti, ilibaki 536,900. Ningekuwa na pesa taslimu, hakuna ambaye angeniuliza deni wala mkopo. Kwetu historia ya mikopo imesimama kwenye njia ya kuifikia bima, kule imeingia ndani ya bei yenyewe. Lakini anayeumia ni mtu mmoja, yule ambaye mwezi huo hana. Asiye na laki tano mkononi na asiyekopesheka anarudi kwenye bima ndogo ya 118,000, halafu anaomba Mungu Jangwani pasijae.

Kama ungeniuliza nachagua lipi, nachagua la kwetu, na sisiti. Benki iliyoninyima ilikuwa inanikopesha, ina haki ya kuangalia kama ninarudisha. Niliumia lakini siwezi kusema nimeonewa, deni lilikuwa langu. Kampuni ya bima haimkopeshi mdogo wangu. Yeye ndiye anayetangulia kulipa. Naomba sana siku makampuni yetu yatakapotaka kujifunza kupanga bei kwa kompyuta, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima iyaambie mapema kwamba madeni ya mtu yabaki upande wa mikopo. Sasa hivi stika ya bima ni ya kielektroniki, askari anaingiza namba ya gari kwenye simu anaona kila kitu. NIDA moja, laini moja, gari moja. Kuunganisha ni rahisi kuliko tunavyodhani.

Mdogo wangu hakukaa kusubiri. Barua ile ilimpa haki ya kuomba nakala ya ripoti yake bure ndani ya siku 60, akaiomba. Akakuta mojawapo ya yale malipo mawili alikuwa amelipa kwa wakati, risiti ya benki anayo. Akapinga. Kampuni ya taarifa ina siku 30 za kuchunguza, na kabla hazijaisha ilirekebisha. Akapiga zamu za ziada akaishusha ile kadi kutoka dola 1,350 hadi chini ya 400, kwani kikomo chake ni 1,500 na kuikaribia tu kunakuharibia. Alikuwa anaogopa kuulizia bei kampuni nyingine, ameambiwa kila anayeangalia alama anaishusha. Kumbe kuulizia bei ya bima hakushushi, kunakoshusha ni kuomba mkopo wenyewe. Akaulizia kampuni tano kwa siku moja. Gari lilelile, dereva yuleyule, alama ileile: ya juu 252, ya chini 171, maana kila kampuni inaipa alama ile uzito wake. Akachukua ya 171. Ni ya miezi sita, na amekwisha kuwaandikia kwamba ikifika muda wa kuhuisha waiangalie ripoti upya, wasitumie ya zamani.

Mimi ile 45,000 ilikuwa imezaa ikafika 71,000. Niliilipa siku hiyohiyo nikachukua uthibitisho. Bima nililipa kwa mkopo wa kikoba, laki tatu, na nyingine nikakusanya kwa wateja wangu wawili wa Kinyerezi waliokuwa wananidai mapazia na mimi nikiwadai salio. Tarehe 13 jioni wakala akanitumia ujumbe, nikaingiza namba ya gari kwenye mtandao kuhakiki mwenyewe, ikasoma bima kubwa hadi Juni mwakani. Wanakikoba hawakuniuliza NIDA. Waliniuliza nalipa lini, nikasema Septemba, mwenyekiti akaandika.

Kilichobaki ni kusafisha jina. Uthibitisho wa kulipa ninao, lakini kwenye kumbukumbu deni lilikuwa bado linasoma vilevile nilipoulizia mwezi uliopita. Nimeandika barua kwa aliyenikopesha, nimeambatanisha risiti na nakala ya kitambulisho, wakagonga muhuri wa kupokea. Nakala yangu iko kwenye bahasha ya kaki pamoja na kadi ya gari. Jumatatu nitapitia tena pale dirishani kabla sijafungua fremu.